Simu ya upepo garini: Kabla ya kununua, jiulize nani atakusikia

WAKAZI wa Kwa Mrombo, kusini mwa jiji la Arusha, eneo linalosifika kwa nyama choma, wamezoea kuyaona magari ya utalii yakirejea kutoka porini yakiwa yametapakaa vumbi. Mengi kati ya magari hayo huwa na fimbo nyembamba ya chuma, moja au mbili, iliyosimama juu ya paa au mbele kwenye bampa.

Fimbo hizo ni antena za simu za upepo, ambazo wengi mjini huziita redio koli. Kwa miongo kadhaa zimekuwa njia ya dereva kuongea na mwenzake aliye upande wa pili wa mbuga, na njia ya kampuni kujua gari lake limelala wapi.

Katika zama hizi ambapo karibu kila mtu ana simu ya mkononi, mwenye gari anayejiandaa kwenda Serengeti, Loliondo au Ziwa Natron anaweza kujiuliza kama kuna haja tena ya kutumia fedha kununua chombo hicho.

Jibu ni kwamba haja ipo, ila kwa sharti moja ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Redio haina thamani yoyote ikiwa hakuna mwenye redio ya aina hiyo hiyo, kwenye masafa hayo hayo, anayesikiliza upande wa pili.

Kwa nini simu ya mkononi haitoshi

Simu ya mkononi hutegemea mnara. Mnara hujengwa penye watu, au kando ya barabara kuu. Safari ya kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ina urefu wa zaidi ya kilometa 300, na njia za pembeni zina vipande virefu ambamo simu haionyeshi alama yoyote ya mtandao.

Aidha, simu huunganisha watu wawili wanaojuana namba. Redio humfikia kila aliye karibu na kusikiliza, hata kama hamjawahi kukutana. Gari likikwama kwenye korongo, dereva huhitaji gari lililo umbali wa kilometa nane kuliko rafiki aliye mjini umbali wa kilometa 200.

Ukanda huu unalijua jambo hilo tangu zamani. Mwaka 1957, madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki, ambayo leo inajulikana kwa jina la AMREF. Ndege peke yake isingetosha, kwani ilibidi mtu aliye porini awe na njia ya kuiita. Mtandao wa redio uliounganisha hospitali na zahanati za mbali ukawa sehemu ya lazima ya kazi hiyo.

Aina tatu, kazi tatu

Anayeingia dukani au kutafuta kwenye intaneti hukutana na herufi tatu tatu zinazochanganya. Kwa matumizi ya gari, yafaa kuzitenganisha aina tatu za redio.

Ya kwanza ni CB, yaani redio ya bendi ya raia, inayofanya kazi katika masafa ya megahezi 27. Marekani iliyatenga masafa hayo kwa matumizi ya wananchi wa kawaida mwaka 1958, na tangu mwaka 1977 yana chaneli 40. Nguvu inayoruhusiwa huko kwa urushaji wa kawaida ni wati 4.

Umaarufu wake ulipanda baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973. Serikali ya nchi hiyo ilipoweka ukomo wa mwendo wa maili 55 kwa saa, sawa na takriban kilometa 88, madereva wa malori walitumia CB kuambizana penye mafuta na penye askari wa barabarani. Hadi leo chaneli ya 19 inajulikana huko kuwa ya madereva wa malori, na ya 9 kuwa ya dharura.

Hata hivyo, desturi hiyo haikuota mizizi Tanzania. Anayeagiza CB kutoka nje kwa sababu ameisoma katika magazeti ya magari ya Ulaya au Marekani, akaifunga na kuelekea Ngorongoro, ana uwezekano mkubwa wa kuongea peke yake. Chombo chaweza kuwa kizima na kizuri, lakini wa kuitikia hayupo.

Ya pili ni VHF, inayotumia masafa ya juu zaidi, aghalabu karibu na megahezi 150. Hii ndiyo redio ya kuongea gari kwa gari katika shughuli za utalii na ulinzi wa hifadhi. Sauti yake ni safi, antena yake ni fupi, na redio ya kufungwa garini hutoa kwa kawaida wati 25 au zaidi. Udhaifu wake ni kwamba mawimbi yake husafiri karibu kama mwanga: hunyooka, na yakikutana na kilima hukoma.

Ya tatu ni HF, inayotumia masafa ya chini, kati ya megahezi 3 na 30. Mawimbi yake yanaweza kupanda angani, yakagonga tabaka la hewa lenye chembe za umeme na kurudi ardhini mamia ya kilometa mbele. Kwa redio ya wati 100, gari lililo Serengeti linaweza kuongea na ofisi iliyo Arusha bila mnara wowote katikati. Gharama yake ni kubwa zaidi, sauti yake huchanganyika na mikwaruzo, na antena yake ni kubwa.

HF pia humtaka mtumiaji ajue saa. Tabaka hilo la hewa hupata nguvu kutokana na jua. Mchana hutumika masafa ya juu zaidi, na usiku hushushwa. Anayeng'ang'ania chaneli moja saa zote hulalamika kuwa redio imeharibika, ilhali kilichobadilika ni anga.

Somo kutoka Mlima Meru

Mkazi wa Kwa Mrombo hahitaji kitabu ili kuelewa tofauti kati ya VHF na HF. Inatosha atazame upande wa kaskazini, ulikosimama Mlima Meru wenye urefu wa zaidi ya meta 4,500.

Magari mawili yenye antena zilizo meta mbili juu ya ardhi, yakiwa kwenye tambarare isiyo na kizuizi, husikilizana kwa VHF hadi umbali wa takriban kilometa 11 au 12. Baada ya hapo, mviringo wa dunia wenyewe huanza kuyaficha. Gari moja likiwa Kwa Mrombo na jingine Ngare Nanyuki, nyuma ya mlima, mstari wa moja kwa moja kati yake hupita ndani ya Meru. Hakuna wati za kuongeza zitakazoutoboa mlima huo.

Dawa yake ni kituo cha kurusha upya mawimbi, ambacho mafundi hukiita repita. Kituo hicho huwekwa mahali pa juu, hupokea sauti kwenye masafa fulani na kuirusha tena kwenye masafa mengine. Antena iliyo meta 600 juu ya uwanda inaweza kuyaona magari yaliyo umbali wa takriban kilometa 100. Ndiyo maana watu wa redio huthamini vilele vya vilima kuliko ukubwa wa redio.

Kreta ya Ngorongoro ni mfano mwingine. Sakafu yake iko takriban meta 600 chini ya ukingo. Magari yaliyo ndani husikilizana vizuri, lakini kuta zake huzuia VHF kutoka nje, isipokuwa kuwe na kituo juu ya ukingo kinachotazama pande zote mbili.

Kwa hiyo, kabla ya kuulizia bei, mnunuzi aulize maswali matatu: atasafiri na nani, watu hao wanatumia masafa gani, na kama kuna repita wanayoruhusiwa kuitumia. Anayesafiri kwa msafara wa magari matatu yanayofuatana atatosheka na VHF. Anayekwenda peke yake mbali kwa siku nyingi afikirie HF au simu ya setilaiti.

Kibali si jambo la hiari

Masafa ya redio ni mali ya taifa, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Matumizi yake yanaongozwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010.

Kwa lugha nyepesi, kununua chombo hakumpi mtu haki ya kurusha mawimbi. Mtumiaji huomba leseni, hupangiwa masafa, na chombo chenyewe hupaswa kuwa cha aina iliyoidhinishwa kutumika nchini.

Tahadhari hii inahusu zaidi redio ndogo za mkononi za bei nafuu kutoka China. Nyingi huweza kuwekwa kwenye karibu masafa yoyote kwa kubonyeza vitufe vichache. Mtu asiyejua anaweza kujikuta anaongea juu ya mawasiliano ya askari wa wanyamapori, au ya wahudumu wanaomwokoa mgonjwa. Anayebonyeza kwa kujaribu tu anaweza kuzima sauti ya mtu anayeomba msaada.

Antena ni nusu ya redio

Mafundi wazoefu husema antena mbovu huifanya redio ya bei kubwa kuwa pambo. Urefu wa antena hufuata urefu wa wimbi, na antena ya kawaida ya gari huwa robo ya wimbi. Kwa VHF ya megahezi 150, wimbi lina meta 2, hivyo robo yake ni sentimeta 50. Kwa CB ya megahezi 27, wimbi lina takriban meta 11, na robo yake ni meta 2.75. Kwa HF ya megahezi 5, robo ya wimbi ni meta 15, urefu ambao hakuna gari linaloweza kuubeba. Ndiyo sababu antena za HF na CB za magari hufupishwa kwa msokoto wa waya uliofichwa ndani yake.

Mahali pa kuifunga pana uzito sawa na urefu wake. Bati la gari ni sehemu ya antena, kwa kuwa hufanya kazi ya nusu yake ya pili. Katikati ya paa la chuma ndipo pazuri kuliko pote kwa VHF. Ikifungwa kwenye kona ya bampa, mawimbi huelekea zaidi upande mmoja wa gari na kudhoofu upande mwingine.

Magari ya utalii ya Arusha yana tatizo la pekee. Paa lake hukatwa na kufanywa la kuinuka, ili wageni wasimame na kutazama wanyama. Antena haiwezi kukaa kwenye sehemu inayoinuka bila waya wake kukatika siku moja. Aidha, mgeni aliyesimama huwa na kichwa na mikono karibu na antena, na antena ya HF ya wati 100 inaweza kumuunguza anayeigusa wakati dereva anarusha.

Kwa sababu hiyo, antena ya VHF ifungwe kwenye sehemu ya paa isiyoinuka, juu ya dereva, na ile ya HF ikae kwenye chuma cha mbele, mbali na abiria. Rangi chini ya kitako cha antena ikwanguliwe ili chuma kigusane na chuma, kisha sehemu hiyo ipakwe grisi kuzuia kutu.

Baada ya kufunga, kuna kipimo ambacho mnunuzi asikubali kuondoka gereji bila kukiona. Kipimo hicho huonyesha kiasi cha nguvu kinachoshindwa kutoka kwenye antena na kurudi kwenye redio. Uwiano wa 1.5 kwa 1 ni mzuri, maana kinachorudi ni takriban asilimia 4. Ukifika 2 kwa 1, hurudi asilimia 11. Ukifika 3 kwa 1, robo nzima ya nguvu hurudi, na redio huanza kuhatarika. Kurusha bila antena kabisa ni njia ya haraka ya kuiunguza.

Umeme: pale mafundi wengi wanapokosea

Waya wa redio utoke moja kwa moja kwenye betri, wala usidandie waya wa taa au wa kiberiti cha sigara. Redio ya HF ya wati 100 huweza kuvuta takriban ampea 20 inaporusha, mzigo ambao waya mwembamba hauuwezi. Fyuzi iwekwe karibu na betri, ili waya ukichubuka njiani fyuzi iungue kabla gari halijashika moto.

Redio nyingi ni za volti 12. Malori na baadhi ya magari makubwa hutumia volti 24, na kuunganisha moja kwa moja ni kuiua redio papo hapo.

Baadhi ya mafundi hukwepa gharama kwa kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili zilizounganishwa. Redio huwaka, mteja huondoka akifurahi, lakini betri moja huishiwa wakati nyingine inajazwa kupita kiasi. Baada ya miezi michache zote mbili hufa. Njia sahihi ni kufunga kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12.

Mlio mwembamba unaopanda injini inapovutwa hutoka kwenye alternata. Mikwaruzo mingine hutoka kwenye chaja za simu za bei nafuu na taa za LED. Kabla ya kuilaumu redio, dereva azime vifaa hivyo kimoja kimoja na kusikiliza.

Mwisho, barabara za mawimbi mawimbi za porini hulegeza kila nati. Kitako cha antena na viungo vya waya vikaguliwe kila gari linaporudi mjini.

Namna ya kuongea

Kanuni ya kwanza ni kusikiliza kabla ya kubonyeza. Mnaporushiana kwenye chaneli moja, mmoja tu ndiye anayesikika, na wawili wakibonyeza pamoja hakuna anayeeleweka. Bonyeza, subiri sekunde moja, taja unayemwita kisha jina lako, sema kwa ufupi, achia kitufe.

Kipaza sauti kisiachwe chini ya kiti. Kitufe kikibanwa bila dereva kujua, chaneli yote huzibwa kwa kilometa nyingi, na watu wote husikia mazungumzo ya ndani ya gari.

Wakati wa dharura, taarifa ya kwanza iwe mahali ulipo, kwani mawasiliano yakikatika hapo angalau msaada utajua pa kuelekea. Kisha idadi ya watu, hali ya majeruhi na kinachohitajika. Rudia mara mbili.

Madereva wa utalii wana lugha yao pia. Neno simba linafahamika kwa wageni wengi, hasa tangu filamu ya katuni ya The Lion King ya mwaka 1994, hivyo wengi hutumia majina ya mafumbo ili mgeni asijenge tamaa kabla mnyama hajaonekana.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Tangazo moja la duma aliyeonekana linaweza kuleta magari mengi kwa dakika chache. Utafiti wa Femke Broekhuis uliofanyika Maasai Mara, upande wa Kenya wa mfumo huo huo wa ikolojia wa Serengeti, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa katika maeneo yenye watalii wengi duma jike alifanikiwa kulea kwa wastani mtoto 0.2 hadi kujitegemea. Penye watalii wachache, wastani ulikuwa watoto 2.3.

Redio si chanzo pekee cha msongamano huo, na leo makundi ya simu za mkononi hufanya kazi ile ile penye mtandao. Hata hivyo, kidole kilicho juu ya kitufe ni cha dereva. Penye magari ya kutosha, busara ni kunyamaza au kuwaambia wenzako wasubiri zamu.

Kwa faru, tahadhari ni kubwa zaidi. Chaneli ya wazi husikilizwa na yeyote mwenye redio, akiwamo jangili. Mahali alipo faru si habari ya kutangazwa hewani.

Kwa mwenye gari anayejiandaa kuondoka Arusha, basi, mpangilio ni huu: wajue watakaokusikia, pata kibali, tenga fedha za antena na fundi kabla ya kushawishiwa na redio yenye taa nyingi. Kisha, siku moja kabla ya safari, gari moja libaki Kwa Mrombo na jingine lielekee nje ya mji, wakiitana kila baada ya kilometa mbili. Mahali sauti itakapokatika ndipo dereva atakapojua, angali karibu na fundi, uwezo wa redio anayoitegemea porini.